Mguu Uliozikwa Vihingo

Nimestaafu miezi minne iliyopita, na tayari nimeshapokea simu sita kutoka kitengo changu cha zamani. Tano zilikuwa za kuuliza funguo za kabati ziko wapi. Ya sita ilitoka kwa vijana wawili walioajiriwa mwaka jana. "Sista Vero," wakasema, "tuandikie ulichojifunza kazini, kabla hujasahau." Nawashukuru kwa imani yao katika kumbukumbu zangu. Naandika haraka.

Vyeo sitavizungumzia, havijazi mstari mmoja. Mshahara nao tuuache upumzike, ulichoka kabla yangu.

Nilifika Kibaha nikiwa na miaka ishirini na saba, nikitokea Songea kupitia chuoni, na cheti changu cha fiziotherapia nimekifunga kwenye nailoni mbili kisije kikalowa. Katibu wa hospitali alikisoma, akakigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo zaidi, akaniuliza, "Fizio nini?" Nikamweleza kwamba tunatibu viungo, misuli na mishipa kwa mazoezi. Uso ukamng'aa. "Aah! Masaji!" Kuanzia siku hiyo, kwa miaka thelathini na mitatu, kila mkubwa aliyelalia mto vibaya aliletwa kwangu na shingo yake.

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Vitanda vilihamishwa vyote isipokuwa kimoja, na hicho ndicho kikawa kitanda cha kutibia. Kulikuwa pia na kapi ya kunyanyulia mikono, isiyo na kamba, mipira miwili iliyoishiwa upepo, na picha ya uti wa mgongo ukutani ambayo mtu asiyejulikana alikuwa ameichorea masharubu. Katikati ya utajiri huo alikaa Bi. Mwanahawa, mkuu wangu wa kitengo, mwenyeji wa Kisarawe, mama mnene mwenye sauti ndogo, anamenya chungwa.

"Karibu, mwanangu. Umeshawahi kuumwa?"

"Kuumwa nini, mama?"

"Chochote."

Nikamwambia kwa fahari kwamba mimi ni mzima, sijawahi hata kulazwa. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyeomba dereva akaletewa kipofu.

Alinifundisha mambo ambayo chuoni yalipita kama mvua ya manyunyu. Kigutu, yaani kipande cha mguu kinachobaki baada ya kukatwa, kinafungwa bandeji kwa mshazari, kama unachora nambari nane, ukikaza kwa chini na kulegeza kwa juu. Ukigeuza, kigutu kinavimba nchani kama balbu na mguu bandia hautaingia hata uuombee dua. Mgonjwa alale kifudifudi kila siku ili nyonga isikakamae. Na asiwekewe mto chini ya goti. Hili la mto nimelisema mpaka sauti ikanikauka, kwa sababu kila mgonjwa ana shangazi mwenye huruma, na kila shangazi ana mto. Huruma imekunja magoti mengi kuliko ajali.

Nilikuwa nimefikisha miaka kumi na mitano kazini, ule umri ambao mtu anajua kila kitu, alipoletwa Shomari.

Shomari alikuwa mpasua mbao wa Vihingo, kule Kisarawe, mwanamume wa miaka arobaini na kidogo, mabega yake yanaziba mlango. Gogo liliviringika likambana mguu wa kulia, akakaa chini yake tangu asubuhi mpaka jua la utosi, wenzake walipomkuta. Mguu ukakatwa chini ya goti. Kigutu kilipona vizuri sana. Daktari aliyekikata alikuwa akiwaonesha wanafunzi ule mshono kama fundi cherehani anayeonesha suti ya bwana harusi. Ndugu wakaupokea mguu, wakaenda kuuzika kwao. Kila kitu kilikwenda kwa utaratibu.

Tatizo lilikuwa moja tu: mguu uliozikwa uliendelea kuuma.

"Sista," aliniambia, "vidole vinawaka moto. Halafu hiki kidole gumba kimejikunja kwa chini, vilevile kilivyokuwa chini ya gogo. Nataka kukikunjua, hakikunjuki." Alikuwa akinionesha sakafu tupu, pale ambapo mguu ungekuwa.

Kwenye faili, daktari alikuwa ameandika "mgonjwa analalamika", uchunguzi wa kina kabisa. Na mimi sikutaka kubaki nyuma. Nikachukua sauti yangu ya chuoni nikamwambia, "Kaka Shomari, mguu haupo. Kitu kisichokuwepo hakiwezi kuuma. Hayo ni mawazo. Jitahidi uyasahau."

Akanitazama. Hakukasirika, afadhali angekasirika.

"Basi nani ananiuma?"

Nikampa tarehe ya kurudi. Hii ni mbinu ya kitaalamu, mtaizoea. Akatia kadi mfukoni, akashika magongo yake, akatoka. Tarehe ikafika, hakuja. Nikampangia nyingine, hakuja. Nikaandika kwenye faili "mgonjwa hafuati maelekezo", nikapiga mstari chini yake kwa rula, nikajiona mtu makini.

Aliyekuja ni mkewe, Bi. Pili, peke yake, wiki ya tisa tangu mumewe atoke kwangu. Alikuwa ametoka Vihingo alfajiri, akapita Mzenga, akaunganisha Mlandizi, na vumbi la barabara yote hiyo alikuwa nalo kwenye nyusi. Alikaa kabla hajakaribishwa.

"Hapati usingizi," alisema. "Anakaa anaushika mguu ambao haupo. Wazee wakakaa kikao, wakasema mguu ulizikwa vibaya, vidole vimekunjwa shimoni. Wakaenda wakaufukua. Wakakinyoosha walichokikuta, wakakifunga shuka jipya, wakakilaza vizuri, wakafukia."

"Mkafukua mguu?"

"Tukafukua. Akapata nafuu siku tatu, Sista. Siku tatu amelala kama mtoto mchanga. Ya nne yakarudi."

Nilicheka. Naliandika hili kwa sababu nimeombwa niandike nilichojifunza. Nilicheka kidogo, kwa puani, kicheko cha mtu mwenye cheti.

Bi. Pili hakucheka. Alisubiri nimalize, kisha akasema neno lililomleta. "Sasa amepata zahanati ya mtu binafsi, huko mjini. Wamemwambia wataukata tena juu ya goti, ile mishipa mibovu iondoke yote. Anakwenda Jumatatu. Mimi nimekuja kuuliza tu. Wakikata, yataisha?"

Bi. Mwanahawa alikuwa pembeni anakunja bandeji. Akaacha kukunja.

"Hayataisha, mwanangu. Yatabaki vilevile, ila goti ndiyo atakuwa hana."

Kwa wale mliozoea kuliona goti kama kitu cha kupigia magoti tu: mtu aliyekatwa chini ya goti anapanda ngazi, anashuka bondeni, anachuchumaa akijifunza. Ukimwondolea goti, kila hatua anaitafuta upya. Kumkata Shomari goti zima, lenye afya, ili kumtibu kidole kilichozikwa, ilikuwa sawa na kubomoa jiko kwa sababu jirani anaunguza maharage.

Bi. Pili alipotoka kwenda kunywa maji, Bi. Mwanahawa aliniita kwa jina langu kamili, jambo alilolifanya mara mbili tu katika maisha yake.

"Veronika. Wale wazee waliofukua mguu, unajua wamekuzidi nini?"

"Nini, mama?"

"Walimwamini."

Akarudi kukunja bandeji. Mimi nikabaki nimesimama kama picha ile ya ukutani, nimekosa masharubu tu.

Bi. Mwanahawa aliwahi kwenda semina ya siku tatu. Wenzake walirudi na mikoba na kalamu, yeye akarudi na ukurasa mmoja wa maandishi, juu ya kutibu maumivu ya kiungo kilichokatwa kwa kutumia kioo. Ubongo, alinieleza, una ramani ya mwili mzima. Mguu ukikatwa, hakuna anayeupelekea ubongo taarifa. Unaendelea kuamuru vidole, haupati majibu, unazidi kupiga kelele, kama ofisi yoyote mnayoijua. Ukiuonesha mguu ukitembea, hata kwa kioo, huenda ukatulia. Aliporudi kutoka semina aliomba kioo kirefu kwa maandishi. Akajibiwa, kwa muhuri na saini, kwamba vioo vya kujipambia havimo katika orodha ya vifaa tiba.

Jumamosi tukaenda Vihingo wenyewe. Bodaboda ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia. Pale Mlandizi kijana mmoja akatuambia atatupakia wote wawili, mshikaki. Bi. Mwanahawa alijitazama, akanitazama mimi, akaitazama pikipiki. "Unataka kututoa kafara?" akamuuliza. Tukachukua mbili.

Shomari tulimkuta barazani. Alikuwa amekonda, mabega yamebaki mifupa, na begi la safari ya Jumatatu lilikuwa tayari limewekwa mlangoni. Akamwamkia Bi. Mwanahawa, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mguu unasemaje leo?"

Alishtuka. Nadhani alikuwa hajaulizwa hivyo na mtu yeyote wa hospitali.

"Unawaka, mama. Kile kidole kimekunjwa."

"Kimekunjwa kwa chini?"

"Kwa chini."

"Pole. Lazima kinauma sana." Akamgeukia Bi. Pili. "Una kioo kirefu humu ndani?"

Kioo kilikuwa kwenye mlango wa kabati la nguo. Tulihangaika nacho kwa bisibisi na kisu cha jikoni mpaka mlango mzima ukang'oka. Tukamketisha Shomari kwenye mkeka, mguu mzima ameunyoosha, na mlango tukausimamisha ubavuni kwake katikati ya mguu na kigutu, kioo kikiangalia mguu mzima. Kigutu kikafichika nyuma. Ukitazama kwenye kioo, unaona miguu miwili.

"Usinitazame mimi," alisema Bi. Mwanahawa. "Tazama kioo. Kunja vidole taratibu, vya miguu yote miwili. Haya. Sasa kunjua."

Alikunja, akakunjua. Akakunja, akakunjua. Mimi kazi yangu ilikuwa kushikilia mlango wa kabati, na niliifanya kwa ustadi mkubwa. Zilipita dakika tano, sita. Kuku alipita kwenye mkeka, hakuna aliyemfukuza. Kisha Shomari akasimamisha vidole, jasho linamtoka.

"Kimekunjuka," alisema.

"Nini?" aliuliza mkewe.

"Kidole gumba. Pili, kimekunjuka."

Akalia. Lilikuwa jitu la mabega yale, limekaa mkekani, linalia mbele ya wanawake watatu, na Bi. Pili akamwekea mkono kichwani akawa anasema, "Basi, basi, baba Zuhura." Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa kabati, sehemu inayofaa sana kwa mtu aliyetaka kujificha. Tulipouweka chini nikasema, "Kaka Shomari, nilikukosea. Naomba radhi."

Akajifuta uso. "Hukunikosea, Sista. Ulinisahihisha tu."

Nimesomewa barua za onyo mbili katika kazi yangu. Hakuna iliyofikia ile sentensi.

Msidhani alipona siku ile. Kupona kwa siku moja ni kwa wauza dawa za stendi. Maumivu yalirudi jioni ileile, lakini sasa alijua yana mlango wa kutokea. Jumatatu hakwenda mjini. Alisema atasubiri mwezi mmoja, mwezi ukaisha akasema mwingine, na zahanati ile ikachoka kumpigia simu.

Zoezi lilikuwa kioo robo saa, asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu. Kigutu nacho tulikizoesha kuguswa, maana hata upepo wa feni ulikuwa ukimchoma. Wiki za kwanza alikipangusa kwa khanga laini, halafu taulo, halafu dodoki. Alinitukana kimoyomoyo siku ya dodoki, nilimwona. Kisha daktari mwingine, aliyekuwa tayari kuandika zaidi ya neno "analalamika", akamwandikia vidonge vya mishipa ya fahamu, vilevile wanavyopewa wenye kifafa. Muuza duka la dawa akamuuliza kwa sauti mbele ya foleni, "Unaanguka?" Siku tatu baadaye Vihingo nzima ilikuwa na habari kwamba Shomari ana kifafa. Akataka kuviacha. Bi. Pili akamwambia, "Kati ya kusemwa na kutolala, chagua." Akachagua kusemwa.

Baada ya miezi minane alipata mguu bandia, na Bi. Mwanahawa akastaafu mwaka uliofuata, bila hotuba, kwa sababu mgeni rasmi alichelewa na yeye hakusubiri.

Nikabaki peke yangu, na hapo ndipo Shomari akaniletea mgongo.

Ilikuwa imepita miaka miwili. Alikuwa amerudi kazini, si kupasua tena bali kunoa misumeno na kuwasimamia wenzake. Akaja amepinda kama ndoana. Alikuwa ameshapita kwingine kabla ya kwangu. Alipigwa picha mbili za mgongo, akapewa mkanda, akapewa sindano, na mtaalamu mmoja akamwambia ni umri. Ukishamwambia mtu ni umri, umemaliza kazi, hakuna atakayekukatia rufaa.

Safari hii sikukimbilia kusahihisha. Nilimwambia atembee uani, kama anavyotembea shambani. Akakataa kidogo, kwa sababu alikuja amevaa vizuri, viatu vimepigwa dawa.

"Shambani unavaa hivyo hivyo?"

"Aa, Sista. Shambani navaa gambuti."

"Mbili?"

"Moja."

"Na mguu wa bandia?"

Akanitazama kama mtu anayemweleza mtoto. "Ule hauchomwi na miba. Wa nini kuuharibia kiatu?"

Hesabu yake ilikuwa safi, hata mimi nilikosa pa kuikosoa. Mguu mmoja una soli nene ya gambuti, mwingine pekupeku, na miaka miwili kiuno kimekuwa kikipanda na kushuka kama mizani ya sokoni. Picha mbili za mgongo, na hakuna aliyemuuliza amevaa nini miguuni. Nikamwamuru avae gambuti zote mbili. Nikampa mazoezi ya nyonga na tumbo, na nikamkataza kukaa chini kunoa kwa zaidi ya nusu saa bila kusimama. Mgongo ulipunguza kuuma ndani ya miezi mitatu. Haukuisha. Siku za baridi ya Julai bado unamkumbusha, na miezi mingine mguu wenyewe hurudi bila taarifa, unakaa siku mbili tatu, unaondoka. Ameacha kuuliza utaisha lini. Siku hizi kioo hakihitaji, anafumba macho anakunja na kukunjua vidole ambavyo anaviona yeye tu, pamoja na vya mguu mzima, na mara nyingi inatosha.

Mwezi uliopita binti yake, Zuhura, aliolewa. Nilialikwa, na kwa mara ya kwanza nilikwenda Vihingo bila bandeji kwenye mkoba. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, sisi wanawake tulikuwa ndani tunachungulia dirishani. Pembeni yangu alikaa shangazi wa bwana harusi, ametoka Dar, saa ya dhahabu mkononi, anataka kuwahi kurudi kabla ya foleni. Sheikh alimaliza hotuba. Shomari, kama baba wa binti, akasogea ili ashikane mkono na mkwewe, amwoze. Akaunyoosha mkono. Halafu akaurudisha.

"Sheikh," alisema, na uso ulikuwa umemkauka, "naomba dakika kumi."

Sheikh akafunga kitabu chake kwa utulivu, akamgeukia jirani yake akaanza kumuuliza habari za mikorosho. Mtu mwingine akaomba kahawa. Bwana harusi akavua koti. Shomari alisogezwa pembeni, akakalishwa kwenye mkeka wake, akafumba macho.

Shangazi wa Dar akatazama saa. "Kulikoni tena? Baba mtu amekataa?"

"Hapana," alisema Bi. Pili, anapanga visahani. "Mguu unamuuma."

"Mguu upi?"

"Uliokatwa."

Alilisema kama mtu anayesema mvua imenyesha. Shangazi akanigeukia mimi, maana alishaambiwa kwamba nimetoka hospitali, na macho yake yalikuwa yanasubiri nimsahihishe mtu.

"Unauma sana ule," nikamwambia. "Subiri, mama. Chai ipo."

Baada ya robo saa Shomari alifumbua macho, akashika gongo lake, akasimama mwenyewe. Akarudi kwenye jamvi, akaketi mbele ya mkwewe, akamshika mkono, na akamwoza binti yake kwa sauti ambayo sisi wa dirishani tuliisikia kila neno.